Bahari Tuliyomnyima Mwanetu

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imekunjwa mara mbili, nayo ilikaa juu ya meza yetu ya kulia kwa siku tisa bila ya mtu kuitia saini. Ilikuwa mwezi Juni 2022, katika mji mmoja wa kusini mwa Uingereza ambako tunaishi tangu mwaka 2013. Mwanetu wa kiume, aliyekuwa ametimiza miaka 16, aliileta kutoka shuleni, akaiweka mbele yetu, akasema kwa adabu kwamba mwalimu anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, kisha akaingia chumbani kwake. Hakutusihi. Laiti angetusihi, kazi ya kukataa ingekuwa nyepesi.

Karatasi ilieleza kwamba chama kimoja cha hisani kilikuwa na nafasi kwa vijana wa shule yao katika merikebu ya matanga yenye milingoti miwili. Safari ilikuwa ya siku saba, kuvuka bahari iliyo baina ya Uingereza na Ufaransa na kurejea. Vijana hawangekuwa abiria. Wangetweka matanga, wangeshika usukani, wangekesha zamu za usiku, wangepika na wangesugua vyoo. Chini kabisa palikuwa na mstari wa saini ya mzazi au mlezi.

Sisi wawili, baba na mama yake, tuliisoma kila mmoja kwa wakati wake, na hatukuizungumza. Ndugu msomaji atuwie radhi tukianza na sababu ya ukimya ule, kwani bila ya sababu hiyo haya yafuatayo hayataeleweka.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Sikukuu ya Idi, meli ya abiria iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikiwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi chake. Mzanzibari hahitaji kukumbushwa usiku ule. Katika meli ile alikuwamo mama mdogo wa mwanetu pamoja na watoto wake wawili. Yeye na mtoto wake mkubwa tuliwazika. Mdogo hatukumpata hadi leo. Mwanetu alikuwa na miaka mitano wakati huo, na yule mdogo ndiye aliyekuwa mwenzake wa kucheza.

Tangu siku ile tuliifunga bahari katika nyumba yetu. Hapakutolewa amri yoyote. Ilikuwa ni jambo lililojulikana tu. Pemba tulikwenda kwa ndege, na nauli ya ndege isipopatikana hatukwenda. Pwani tulikaa mchangani. Tulipohamia Uingereza tulimwandikisha mtoto masomo ya kuogelea katika bwawa la ndani lenye maji ya vuguvugu, tukajiambia kwamba wajibu wetu tumeutimiza. Waliotuuliza tuliwajibu kwamba tunamlinda mtoto. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Tulikuwa tukizilinda pia nyoyo zetu na usiku mwingine kama ule.

Siku ya nne ya karatasi ile tukaanza kusoma. Tulidhani kwamba kulea vijana kwa merikebu za matanga ni mchezo wa matajiri wa Ulaya waliokosa la kufanya. Kumbe historia yake imepita katika vita na mauti. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilifunguliwa shule ya ufukweni huko Aberdovey, katika nchi ya Wales, kwa juhudi za watu wawili: Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyekimbia utawala wa Hitler, na Lawrence Holt, mmoja wa wenye kampuni ya meli ya Blue Funnel. Holt alikuwa na msiba moyoni. Meli za biashara zilikuwa zikizamishwa na nyambizi, na mabaharia walionusurika waliachwa ndani ya mashua katikati ya Atlantiki. Alichokiona ni kwamba vijana wenye nguvu walikata tamaa na kufa mapema, ilhali wazee waliojifunza kazi zamani katika merikebu za matanga walistahimili mpaka wakaokolewa. Misuli ilikuwa kwa vijana. Subira, kuaminiana na mazoea ya kuusoma upepo vilikuwa kwa wazee. Shule ile, iliyoitwa Outward Bound, ilikusudiwa kuwapa vijana kile ambacho meli za injini hazikuwafundisha.

Baada ya vita merikebu kubwa za matanga zilikuwa zikimalizika duniani. Mwezi Julai 1956 baadhi ya zile zilizobaki zilikusanyika Torbay, Uingereza, zikashindana kwenda Lisbon, Ureno, na wengi waliona kwamba huko ni kuziaga. Badala ya kuagwa zikapata umri mpya. Mashindano yale yamekuwa desturi mpaka leo, na sharti lake kubwa ni kwamba nusu ya mabaharia wa kila chombo, kwa uchache, wawe vijana wa baina ya miaka 15 na 25. Kushinda kwenyewe si jambo kubwa sana. Jambo kubwa ni kwamba chombo hakiwezi kwenda bila ya vijana hao.

Lakini tulisoma pia habari ya Pamir, na hapo mmoja wetu aliifunga kompyuta akaondoka mezani. Pamir ilikuwa merikebu ya Kijerumani yenye milingoti minne, ikisomesha vijana kazi ya ubaharia huku ikibeba shehena. Mwezi Septemba 1957, ikitoka Argentina na shayiri, ilikutwa na kimbunga katika Atlantiki. Watu 86 walikuwamo. 80 walikufa, na wengi wao walikuwa vijana waliokuwa wakijifunza. Shayiri ile ilikuwa imemiminwa ndani ya chombo, sehemu kubwa bila ya magunia. Ilipohamia upande mmoja, merikebu ililala na haikuinuka tena. Mwaka ule ule mwenzake, Passat, iliyokuwa ikifanya kazi ya namna hiyo hiyo, iliondolewa katika safari, na leo imefungwa gatini Travemünde kama makumbusho.

Tulikaa na habari hiyo usiku kucha. Asubuhi tukaona jambo ambalo hatukuliona jana yake. Pamir na meli ya Nungwi zilitofautiana kwa kila kitu: zama, bahari, dini za waliokufa, lugha waliyoitia wito wao wa mwisho. Zilifanana katika moja. Kabla ya maji kuingia, kuna mwanadamu aliyepakia vibaya, na kuna mwanadamu mwingine aliyetazama akanyamaza.

Siku ya saba tulimpigia simu babu yake, baba wa mama, aliyeko Pemba. Mzee huyu aliingia kazi ya jahazi akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, akianza kwa kufua maji ya ngama kwa upo na kuwapikia wenziwe, mpaka akafika kushika usukani baina ya Pemba, Tanga, Mombasa na Lamu. Aliyezama mwaka 2011 alikuwa binti yake, na watoto wale wawili walikuwa wajukuu zake. Tulijua kwamba tunamuuliza mtu mwenye haki kubwa kuliko sisi ya kuichukia bahari.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo huko kwenye baridi?"

Tukamweleza. Alinyamaza mpaka tukadhani simu imekatika.

"Nahodha wao mnamjua?"

Tukamjibu kwamba hatumjui.

"Basi mtafuteni mumuulize neno moja. Siku aliyokataa kung'oa nanga ilikuwa lini? Kama hana siku hiyo, mtoto asiende. Kama anayo, mwacheni aende."

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya taratibu, "Binti yangu hakuuliwa na bahari. Bahari mimi naijua miaka sabini. Aliuliwa na watu walioshindwa kusema, basi, imejaa. Ajali imeandikwa, wanangu, siikatai kudura ya Mwenyezi Mungu. Lakini na uzembe nao umeandikwa, umeandikwa katika daftari la aliyeufanya."

Maneno yale yalitukumbusha kisa ambacho wengi wetu tumekisikia katika darsa. Wanahistoria wanasimulia kwamba Muawiya, alipokuwa liwali wa Sham, alimwomba ruhusa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) kupeleka jeshi kwa njia ya bahari, na Sayyidna Umar akakataa kwa kuwaonea Waislamu huruma. Baadaye Sayyidna Uthman (r.a.) aliruhusu, kwa sharti kwamba asichaguliwe mtu wala kulazimishwa, bali aende mwenye kutaka mwenyewe. Safari ya Kupro ikafanyika, na bibi Umm Haram (r.a.), swahaba, akafia katika kisiwa kile na kaburi lake liko huko hadi leo. Zaidi ya hayo, Umar yule yule aliyeiogopa bahari ndiye anayenasibishwa na ule usia mashuhuri wa kuwafundisha watoto kuogelea. Tulijiona sisi katika hofu ya Umar, na si aibu kuogopa alichokiogopa mbora kama yule. Ila tulikuwa tumechukua hofu yake tukaacha mafunzo yake, na tulikuwa hatujafika katika sharti la Uthman.

Siku ya nane, basi, tukapiga simu. Mama aliyepokea alikuwa mvumilivu, akatuunganisha na nahodha mwenyewe jioni. Tulimuuliza idadi ya watu ambao cheti cha chombo kinaruhusu, na wangapi wangekuwamo safari hiyo. Tulimuuliza kuhusu jaketi za kujiokolea, akatwambia kila kijana hupewa yake siku ya kwanza, hufundishwa kuivaa, na hatoki nayo akampa mwenziwe. Hapandi mtu mlingotini bila ya mkanda uliofungwa kwenye waya, na asiyetaka kupanda hapandi, wala hachekwi. Tuliposikia hilo la kutolazimishwa tulitazamana.

Mwisho tukamuuliza swali la Babu. Tulidhani atakasirika. Alicheka kidogo akasema, "Mwezi Mei 2019. Upepo ulikuwa mkali, nikakaa gatini siku tatu na vijana arobaini waliokuja kusafiri. Niliwapa vyombo waoshe. Walinichukia siku zote tatu."

Siku ya tisa karatasi ilitiwa saini. Aliyeitia ni yule miongoni mwetu aliyempoteza ndugu yake.

Mwezi Agosti tulimpeleka gatini. Merikebu ilikuwa kubwa kuliko tulivyotarajia. Foromali zake, yaani zile boriti za kukingama zinazobeba matanga ya mraba, zilikuwa juu kama mnara wa msikiti. Tulimsomea dua ya safari, tukamkumbusha ile ya Nabii Nuhu (a.s.) ya kupandia chombo, tukarudi nyumbani. Hatuna haja ya kusimulia tulivyolala wiki ile. Simu za vijana zilikusanywa siku ya kwanza zikawekwa ndani, na habari tulizipata kwa ujumbe mfupi wa jioni kutoka ofisini: wako salama, wamekula, wanaendelea.

Aliyoyaona alitueleza baadaye, kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Vijana waligawanywa makundi matatu, na kila kundi likawa na zamu ya saa nne, kisha mapumziko ya saa nane, usiku na mchana. Siku ya kwanza wote walitapika, akiwamo kijana mmoja mwenye maneno makali aliyekuwa tishio la shule. Mwanetu ndiye aliyemshikia ndoo, na saa mbili baadaye kijana yule akamshikia yeye. Tangu hapo, anasema, hapakuwa tena na tishio wala anayetishwa, kwani ni vigumu kumwogopa mtu uliyemfuta mdomo.

Alijifunza kwamba tanga kubwa halivutwi na mwenye nguvu. Linavutwa na watu wanane wanaovuta kwa pamoja, kwa sauti moja, na akitokea mmoja wa kuvuta kwa fahari yake peke yake huumiza mikono ya wenziwe. Alijifunza kanuni ya zamani ya mabaharia wa matanga, kwamba ukiwa juu mlingotini mkono mmoja ni wa nafsi yako na mkono mmoja ni wa merikebu. Ukiipa merikebu mikono yote miwili utaanguka. Ukiipa nafsi yako yote miwili, kazi haifanyiki na wenzio wataangamia. Sisi tumesikiliza hotuba nyingi za haki za nafsi na haki za jamaa, na hatukumbuki kuisikia ikielezwa kwa ufupi kuliko hivyo.

Suala la swala lilitutia wasiwasi kabla ya safari, nasi tulimpeleka kwa imamu wa msikiti wetu. Alimweleza kwamba msafiri anayo ruhusa ya kufupisha na kukusanya, kwamba mwenye kuweza kusimama asimame na mwenye kuchelea kuanguka akae, na kwamba aelekee kibla kwa kadiri ya uwezo wake. Chakula tulikieleza mapema katika fomu, na mpishi alimwekea samaki na mboga. Lakini ambalo hatukulitarajia lilitoka kwa kiongozi wa zamu yake, mtu asiyekuwa Mwislamu. Huyu alipomwona mara ya kwanza akihangaika na dira kutafuta kibla huku chombo kikigeuka, hakusema kitu. Siku ya pili alimfuata akamwambia, "Tutabisha baada ya dakika ishirini. Ukiswali sasa, hutageuzwa katikati." Akawa anamwambia hivyo kila siku mpaka mwisho. Swala ya alfajiri mwanetu aliiswali juu ya sitaha, ndani ya zamu ya saa kumi za usiku, baharini pasipoonekana nchi. Anasema hiyo ndiyo swala ya kwanza ambayo hakuna aliyemwamsha kwayo.

Sasa tufike katika usiku wa tatu, ambao kwetu ndio kiini cha habari yote. Mwanetu alipewa kazi ya kufunga kamba moja ya tanga la mbele kwenye kijiti chake. Alikuwa na usingizi na baridi, akaizungusha haraka haraka, akaondoka. Nusu saa baadaye upepo uliongezeka, kamba ikafunguka, na tanga likaanza kujipiga kwa kishindo kama mlango katika tufani. Vijana wa zamu nyingine, waliokuwa ndio kwanza wamelala, wakaitwa juu na nguo zao za kulalia, gizani, kulikamata. Hakuumia mtu. Lakini palikuwa na watu wengi waliotetemeka kwa baridi kwa sababu ya mizunguko miwili ya kamba ambayo yeye aliiacha.

Alingojea kukaripiwa. Afisa wa zamu alimpeleka penye kile kijiti, akamwonyesha, akamfungisha kamba ile na kuifungua mara kumi. Kisha akamwambia kwamba kuanzia zamu ijayo yeye ndiye atakayekagua kamba zote za upande wa kushoto kabla ya zamu kubadilishana, na neno lake litakubaliwa bila ya mtu mwingine kuangalia.

Tumelifikiri jambo hili zaidi ya yote. Shuleni kosa la mwanetu ni wino mwekundu juu ya karatasi, na halimwamshi mtu usingizini. Nyumbani makosa yake tuliyasahihisha kabla hajayaona: tulimfungia begi, tulimkumbusha mitihani, tulimpigia simu mwalimu. Tuliita hayo mapenzi. Katika miaka 16 hatukuwahi kumpa kitu ambacho akikiachia, mtu mwingine ataumia. Na kwa kuwa hatukumpa, hakupata hata siku moja kukosea kosa lenye uzito, na hivyo hakupata kuonja utamu wa kuaminiwa tena baada yake. Dini yetu inaliita jambo hilo amana. Tulikuwa tukimfundisha neno lake katika chuo cha Jumamosi, na tukimnyima kamba yake.

Alirudi mwembamba, ameungua pua, ana malengelenge viganjani. Hakurudi malaika, nguo zake bado huzikuta sakafuni. Lakini usiku wa pili baada ya kurudi alikuja kukaa baina yetu na akauliza jambo ambalo kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuliuliza. Alitaka kujua yule mdogo, mwenzake wa kucheza, alikuwa amevaa nini siku ile, na kama kulikuwa na mtu aliyemshika mkono. Alisema alimkumbuka akiwa juu ya foromali, akiyatazama maji. Tulimweleza tunayoyajua, yote, na tulilia sote watatu. Tulitambua ya kuwa ukimya wetu haukumkinga na usiku wa Nungwi. Ulimwacha nao peke yake.

Ndugu msomaji, tusidhani kwamba elimu hii ni ya Wazungu. Babu yake hakwenda Aberdovey. Jahazi lilikuwa na madarasa yake: mtoto alianza ngamani kwa kufua maji, akapanda jikoni, akapewa henza na demani, akajifunza kuutambua mwezi na nyota na kuitofautisha kaskazi na kusi kwa ngozi ya uso, na siku moja nahodha akamwachia usukani na yeye akajifanya amelala. Wahenga walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mzee mmoja anaweza kuueleza msemo huo kwa maana nyingi, na moja ni hii: hata ukipanda vipi, utarudi pale pa kazi ya chini uliyoanzia. Shule hiyo imekwenda na majahazi. Injini zimekuja, na hatuzilaumu. Lakini tulipoiacha shule hatukuuliza nini kitawekwa mahali pake.

Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wao wanazungumza Kiswahili kama sisi, waliuliza. Mwaka 1971 ilijengwa Scotland merikebu ya mbao ya kufundishia vijana, ikaitwa Captain Scott. Mwaka 1977 Oman iliinunua na kuipa jina la Shabab Oman, yaani Vijana wa Oman. Mwaka 1986 ilifika New York katika sherehe za miaka mia ya Sanamu ya Uhuru, na bandari hiyo haikuwa ngeni kwa historia yetu: mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Sultana, ilitia nanga huko ikitokea Unguja, na pembe za ndovu na karafuu, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Ile Shabab Oman ya kwanza ilipozeeka, Oman haikuifunga shule. Iliunda nyingine kubwa zaidi, yenye milingoti mitatu na urefu wa mita 87, iliyoanza kazi mwaka 2014. Nchi ile ina meli za mafuta za kisasa kabisa, na bado inaona faida ya kijana kupanda mlingotini.

Hatusemi kila mzazi akatafute merikebu. Wengi hawataipata, na wapo watoto ambao bahari si yao. Tunasema mambo mawili. La kwanza, mtoto wako anahitaji kamba ya kweli: mbuzi ambao wasipochungwa watakula shamba la jirani, duka ambalo hesabu zake zikikosewa familia itakosa, mgonjwa ambaye dawa yake iko mikononi mwake saa kumi na mbili. La pili, kabla ya kumwachia, uliza swali la Babu. Muulize mwenye basi, mwenye boti, mwenye bweni, mwenye kambi ya likizo: ni lini mara ya mwisho ulisema hapana? Kutawakali kunaanza baada ya ngamia kufungwa, na aliyetuzoeza kusema "Mungu atajalia" mahali pa kuhesabu watu na mizigo hakutufundisha dini, alitufundisha uvivu.

Mwezi Desemba 2023 tulirudi nyumbani. Mwanetu aliomba kitu kimoja: tuende Pemba kwa boti. Hatukuwa tumevuka mkondo ule kwa miaka kumi na miwili.

Malindi alisimama gatini akatazama watu wakipanda, na midomo yake ikawa inakwenda, alikuwa akihesabu. Ndani alimwamkia baharia mmoja, akamuuliza kwa upole jaketi ziko wapi na za watoto ziko ngapi. Baharia alimtazama, akaona kwamba kijana haulizi kwa ubishi, akamwonyesha makabati mawili. Mwanetu akafungua moja, akatoa jaketi, akakagua kamba zake, akalifunga tena. Ndipo akatwambia, "Tunaweza kukaa."

Tulipoipita Nungwi alisimama upande wa kulia wa boti, nasi tukasimama naye. Tuliwasomea Fatiha wote watatu, na tukakaa na yule mdogo zaidi ya wenziwe, kwa kuwa wao wana makaburi mengine. Bahari ilikuwa shwari. Mama yake aliuweka mkono wake juu ya chuma cha ukingo, akauacha hapo mpaka Pemba ilipoanza kuonekana.

Babu alikuwa Mkoani akitungojea, amevaa kanzu na kofia, fimbo mkononi. Mjukuu alimshika mkono akaubusu. Mzee aliugeuza mkono wa kijana, akavitazama viganja, akavipapasa kwa kidole gumba pale palipokuwa na malengelenge, ambayo zamani yalishapona.

"Alikataa lini?" aliuliza.

"Mwezi Mei 2019, Babu. Siku tatu."

"Huyo nahodha," akasema, na akaanza kututangulia njiani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awahifadhi wasafiri wa nchi kavu na wa bahari, na atujaalie kuwa wazazi wenye kuachia kwa wakati na kuzuia kwa wakati. Amin.